Kazi za Mikono: Mchoro Mpya Hupimwa kwa Mkono wa Mwanafunzi

Katika pwani ya Kilifi na Malindi, kuanzia Takaungu hadi Mambrui, kofia nyeupe iliyotariziwa kwa mkono ni vazi la heshima. Mwanamume huivaa aendapo kuswali Ijumaa, huivaa arusini na siku ya Idd, na hata karani ashindaye ofisini kwa shati na suruali huwa nayo moja sandukuni, ameiweka kwa siku zake maalumu. Waivaao ni wengi, lakini wajuao jinsi ilivyopatikana ni wachache. Wengi hudhani kwamba fundi huketi tu, akashika kitambaa na sindano, akashona mpaka kazi ikaisha. Sivyo. Kabla ya sindano kuna mchoro, na kabla ya mchoro kuna hesabu. Kazi nyingi ziharibikazo haziharibiwi na sindano, bali huharibiwa na mchoro mpya ambao haukujaribiwa. Basi jambo lifaalo kuangaliwa safari hii ni hilo: mchoro mpya ujaribiwe kwa njia gani, na ujaribiwe na nani.

Kofia Ilivyo

Kofia ya mkono ina sehemu mbili: duara la juu, na ukanda uzungukao kichwa. Kila sehemu ni tabaka mbili za kitambaa, moja juu ya nyingine, zilizoshikanishwa kwa mishono midogo midogo. Kwa hiyo kofia ni ndugu mdogo wa mfarishi, lile shuka nene la kitandani ambalo pia hushonwa tabaka juu ya tabaka. Kitambaa kipendwacho ni bafta, maana ni laini, cheupe, na hushika mshono vizuri. Mchoro huchorwa juu yake kwa penseli. Kisha mshonaji hufuata mistari kwa uzi; na mahali palipoamriwa vitobo, hutoboa kitambaa kwa kitu chenye ncha kali, akazungusha uzi ukingoni mwa kila kitobo mpaka kikawa imara. Vitobo hivyo si pambo tu. Hupitisha hewa, na katika joto la pwani hiyo ni faida kubwa.

Kofia moja huweza kuchukua wiki nyingi, na yenye nakshi nyingi huchukua hata miezi, maana mshonaji huishika baada ya kupika, kufua na kulaza watoto. Ndiyo sababu kofia nzuri ya mkono huuzwa kwa bei kubwa kuliko ile ya cherehani. Na ndiyo sababu pia kofia iliyoharibika ni hasara ya kweli. Bafta huweza kununuliwa tena dukani, lakini jioni arobaini zilizopotea haziuzwi dukani kokote.

Ujuzi huu ni wa zamani katika miji ya Waswahili. Lamu, Siyu na Pate zina sifa kubwa kwa kofia, na huko hata wanaume hushona. Wakati wa vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, Wabajuni wengi walihama vijiji vyao vya kaskazini, na baadhi yao wakakaa Malindi, wakaja na kazi za mikono yao. Ng'ambo ya bahari, Waomani nao huvaa kofia ya jamii hiyo hiyo, waiitayo kuma. Vitambaa vyenyewe vina safari zao. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alikuta merikebu za wafanya biashara wa Bara Hindi, na nguo za pamba za huko zilikuwa biashara kubwa katika pwani hii. Neno bafta asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kitu kilichofumwa. Nguo nzito iitwayo marikani ilipata jina kwa sababu katika karne ya 19 wafanya biashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, waliileta Unguja kwa wingi. Marikani si nguo ya kofia ya Idd, lakini itaonekana baadaye kwamba katika kazi hii ina nafasi yake, tena nafasi kubwa.

Hesabu Iliyofichwa

Mtu asiyejua husema kwamba kutarizi ni kazi ya macho na vidole. Kwa hakika ni kazi ya hesabu pia. Chukua kichwa chenye mzunguko wa inchi 22. Ukanda wa kofia hiyo utakuwa na urefu wa inchi 22, mbali na pindo. Duara la juu sharti likutane na ukanda huo bila kupwaya wala kuvuta, na duara lenye mzunguko wa inchi 22 lina upana wa inchi 7. Fundi ambaye hakuingia shule hata siku moja aijua hesabu hii kwa mkono wake, ingawa hajui kwamba watoto huifundishwa darasani.

Sasa weka nakshi. Nakshi ya kofia hujirudia: ua, kisha ua, kisha ua, mpaka la mwisho likutane na la kwanza. Urefu wa ukanda sharti ugawanyike sawasawa kwa idadi ya maua. Ua na nafasi yake vikichukua inchi 2, maua 11 yatajaza inchi 22 bila kubaki kitu. Vikichukua inchi 2 na robo, maua 9 yatakwisha inchi 20 na robo, na itabaki inchi moja na robo tatu isiyotosha ua zima wala haifai kuachwa tupu. Tena, ikiwa duara la juu lina miale, yaani mistari itokayo katikati na kushuka ukingoni, sharti idadi ya miale iwe sawa na idadi ya maua, ili kila mwale uangukie juu ya ua lake.

Mchoro wa zamani hauna shida hiyo. Umeshonwa na bibi, ukashonwa na mama, na kila kosa lililokuwamo lilikwisha kuondolewa na mikono iliyotangulia. Mchoro mpya haukupitia mikono hiyo. Waweza kupendeza sana katika karatasi, na bado ukawa na kosa ambalo halitajulikana mpaka siku duara la juu litakapowekwa juu ya ukanda. Na siku hiyo huwa ni ya mwisho wa kazi, wala si ya mwanzo.

Kwa Nini Fundi Hatoshi

Mtu atasema, "Basi na ajaribu fundi mwenyewe aliyeutunga mchoro, maana nani aujuaye kuliko yeye?" Neno hilo laonekana la haki, lakini lina udhaifu. Fundi aliyeshona kofia hamsini mkono wake hujirekebisha wenyewe. Akiona ua linakaribia kuzidi, hulibana kidogo bila kufikiri. Akiona nafasi imekuwa kubwa, huongeza uzi mmoja. Kofia itatoka nzuri, naye ataapa kwamba mchoro hauna ila. Kumbe ila imo, ila mkono wake umeifunika.

Tena, fundi aliyetunga anayo kichwani mambo ambayo hakuyasema. Anapompa mwingine mchoro, humpa mistari na maneno machache, na mengine hubaki kwake, si kwa choyo, bali kwa sababu hajui kwamba hayakusemwa. Mwanafunzi hana mkono wa kujirekebisha wala hana hayo yaliyobaki kichwani mwa fundi. Ana mistari na maneno tu. Kwa hiyo yeye ndiye mzani wa kweli. Pale mwanafunzi anapokwama, ndipo penye upungufu, ama wa mchoro, ama wa maneno, ama wa mkono wake. Na kazi ya majaribio ni kupambanua upi ni upi.

Mfano wa Punje ya Mchele

Jambo hili litafahamika zaidi kwa mfano. Mfikirie binti mmoja wa Mambrui ambaye amekwisha kushona kofia moja tu maishani mwake, ya mchoro rahisi. Shangazi yake ni fundi ajulikanaye, naye ametunga mchoro mpya: ukanda wenye maua 12, na juu yake duara lenye miale 12. Kuna mteja wa Malindi aliyeuona katika karatasi akaupenda, naye ataka kofia ya inchi 22 kabla ya Idd. Lakini shangazi hataki kuikata bafta kwanza. Amempa binti kipande cha marikani na kumwambia achore ukanda wote na duara lote, kisha ashone robo tu. Maneno aliyompa ni haya: kila ua liwe na upana wa inchi moja na robo tatu, na kati ya ua na ua iachwe nafasi ya punje ya mchele.

Binti alirudi kwao, akachukua punje ya mchele, akailaza kati ya ua na ua, akachora. Maua yalizunguka ukanda wote, na la mwisho likakutana na la kwanza sawasawa. Akafurahi sana. Akashona maua matatu, ambayo kwa hesabu ya 12 ndiyo robo, akayaweka kando ya robo ya duara yenye miale mitatu. Hapo ndipo furaha ilipopungua. Ua la kwanza lilikaribia mwale wake, la pili likapita kidogo, na la tatu likapita kwa robo inchi.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la habari hii. Binti wa namna hiyo, aliyelelewa kwa adabu, hudhani mara moja kwamba kosa ni lake. Shangazi ni mkubwa, na shangazi ni fundi. Mtoto awezaje kumwambia kwamba mchoro wake haukutani? Njia rahisi ni kufumua, kubana maua kidogo kidogo mpaka yaangukie miale, na kupeleka kazi ikiwa safi. Shangazi ataifurahia, ataikata bafta, na pengine atawapa mchoro huo wanawake wengine watano. Na wote watano watakwama pale pale, kila mmoja nyumbani kwake, kila mmoja akidhani kwamba mjinga ni yeye peke yake.

Binti wa mfano huu hakufumua. Aliichukua kazi kama ilivyo, akaenda nayo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umemaliza?"

"Nimeshona robo, shangazi, kama ulivyoniagiza. Lakini maua na miale havikutani, nami sijui nimekosea wapi. Sikufumua, nimekuletea uone mwenyewe."

Shangazi aliitazama kazi, akaipima. Maua matatu na nafasi zake yalipaswa kuchukua inchi 5 na nusu, nayo yalichukua inchi 5 na robo tatu. Robo inchi tu. Karibu aseme kwamba binti amechora ovyo. Lakini akapima pia ile sehemu ambayo ilikuwa imechorwa kwa penseli na haijashonwa, na huko akakuta maua matatu yamechukua inchi 6 kamili. Akahesabu maua yote katika ukanda: yalikuwa 11, si 12.

"Nafasi hii umeipimaje?"

"Kwa punje ya mchele, shangazi. Nimeilaza hivi, kwa urefu."

"Lo! Mimi huilaza kwa upana."

Upana wa punje ya mchele ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya inchi, na urefu wake ni karibu robo inchi. Ua la inchi moja na robo tatu pamoja na nafasi ya upana wa punje, mara 12, ni inchi 22. Ua hilo hilo pamoja na nafasi ya urefu wa punje ni inchi 2, na katika inchi 22 huingia maua 11 tu, tena huingia sawasawa, kama kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Kosa lililo wazi hujitangaza lenyewe. Lakini kosa lililokaa vizuri mahali pake, kama hilo la maua 11, huweza kusafiri mpaka mwisho wa kazi bila kushtukiwa na mtu.

Kulikuwa na jambo la pili. Inchi 6 za penseli zimekuwaje inchi 5 na robo tatu baada ya kushonwa? Ni kwa sababu mkono wa mwanafunzi huvuta uzi mno. Kitambaa hujikunja kidogo kila anapokaza, na vidogo vingi huwa kikubwa. Hivyo kosa la mkono lilificha nusu ya kosa la maneno. Kama shangazi angalipima sehemu iliyoshonwa peke yake, angaliona robo inchi tu, naye asingalijua kwamba nusu inchi ndiyo iliyopotea. Na kama ukanda wote ungalishonwa kwa mkazo ule, kofia ya inchi 22 ingalipungua karibu inchi nzima, na mteja asingaliweza kuivaa.

Dawa ilipatikana papo hapo, nayo ilikuwa bora kuliko mchoro wa kwanza. Badala ya punje ya mchele, shangazi alikata ukanda wa karatasi wenye urefu wa inchi 22. Akaukunja katikati, akaukunja tena katikati ukawa robo, na kila robo akaikunja mara tatu. Karatasi ilipofunguliwa ilikuwa na visehemu 12 vilivyo sawa, kila kimoja na mahali pa ua lake, wala hapakuhitajiwa kupima nafasi yo yote. Faida yake ikazidi hapo. Karatasi ya inchi 21 au ya inchi 23 hukunjwa vivyo hivyo, na ua hupunguzwa au kuongezwa kidogo kufuata kisehemu chake. Mchoro uliokuwa wa kichwa kimoja ukawa wa vichwa vyote. Na jambo hilo lilipatikana kwa sababu binti alikwama, kisha akasema kwamba amekwama.

Hata Mbali Hufanywa Hivyo

Desturi hii si ya pwani peke yake. Katika Marekani na Uingereza wako wanawake wengi washonao mifarishi kwa vipande vya nguo vilivyokatwa na kuunganishwa mpaka vikawa nyota, maua au visanduku. Atungaye mchoro mpya huko, kabla hajauchapa na kuuuza, huwapa watu wachache waushone kwa kufuata maandishi tu, bila kumwuliza neno. Hutafuta kwa makusudi wawepo wanafunzi kati yao. Kila mmoja huandika nguo kiasi gani ilitumika, ni saa ngapi alizochukua, na ni mstari gani wa maandishi aliousoma mara tatu bila kuufahamu. Mshono wao una desturi ya robo inchi. Mtu akizidisha sehemu moja ya kumi na sita tu ya inchi kwa kila upande wa mshono, safu ya vipande 12 yenye mishono 11 itapungua inchi moja na zaidi ya theluthi. Ni kisa kile kile cha punje ya mchele, ila kimevaa nguo nyingine.

Wala shauri hili si la washonaji peke yao. Mkulima mwenye busara aletewapo mbegu mpya haijazi shamba zima mwaka wa kwanza; huipanda katika kipande kidogo, akaitazama mvua moja. Karani aletewapo fomu mpya huona kasoro yake siku ya kwanza mtu wa kijijini anapoijaza na kuandika jina la baba mahali pa jina la kijiji. Mwenye kuitunga hakuiona kasoro hiyo, maana yeye alijua alichokusudia.

Mambo ya Kufuata

Ye yote mwenye mchoro mpya, au mwenye kupewa mchoro mpya aujaribu, itamfaa kushika mambo haya.

Kwanza, majaribio yasifanywe katika bafta. Marikani hutosha, au hata kipande safi cha shuka kuukuu. Lakini kiwe tabaka mbili kama kofia yenyewe, kwa maana tabaka moja hujikunja kwa namna nyingine.

Pili, chora yote, shona robo. Kuchora ni kazi ya jioni moja, na hufichua makosa ya hesabu. Kushona robo huonyesha tabia ya mkono na uzi. Kushona yote kwa majaribio ni kupoteza macho bure.

Tatu, pima kabla ya kushona na baada ya kushona, na vipimo vyote viwili viandikwe. Asiyejua kuandika na akate uzi wa urefu ule na kuuweka.

Nne, hesabu. Usiridhike kwamba mwisho umekutana na mwanzo. Hesabu maua, hesabu miale, kisha linganisha.

Tano, fua kipande cha majaribio, kitie wanga, kipige pasi, kisha ukifue tena. Bafta na marikani hupungua majini, na vitobo viwili vilivyokaribiana mno huweza kuraruka na kuwa kimoja. Afadhali viraruke katika marikani ya jaribio kuliko juu ya kichwa cha mteja.

Sita, usifumue kosa kabla halijaonwa na mwenye mchoro. Kosa lililofumuliwa ni shahidi aliyefukuzwa barazani kabla ya kusema.

Saba, mchoro mmoja upewe wanafunzi wawili, kila mmoja nyumbani kwake. Wakikosea mahali pamoja, kosa ni la mchoro au la maneno yake. Kila mmoja akikosea mahali pake, kosa ni la mikono, na dawa yake ni mazoezi.

Haki ya Mwanafunzi na Wajibu wa Fundi

Yafaa kusemwa pia kwamba kazi ya majaribio ni kazi. Mwenye mchoro ndiye atakayefaidi, kwa hiyo kitambaa na uzi wa majaribio na vitoke kwake. Wako mafundi ambao humwachia mwanafunzi gharama hiyo kwa kusema kwamba anajifunza. Ni kweli anajifunza, lakini na fundi pia anajifunza, na pengine zaidi. Waume na baba nao wasione kwamba binti akaaye juu ya kipande cha marikani kisichouzwa anacheza. Robo hiyo ya marikani ndiyo iliyookoa bafta, na ndiyo itakayofanya kofia zijazo ziuzike bila lawama. Katika nyumba nyingi za pwani fedha za kofia ndizo zilipazo ada ya shule na sukari ya mwezi.

Na fundi ana wajibu mzito zaidi, nao ni kusikia. Mwanafunzi hatasema kitu mbele ya fundi anayekunja uso. Akikaripiwa mara moja kwa kuleta kazi isiyokutana, mara ya pili ataibana na kuileta ikiwa imekutana, na fundi atakuwa amejinyima macho ya bure. Heshima ya mdogo kwa mkubwa ni nguzo ya nyumba, wala hapana mtu wa pwani atakaye ianguke. Lakini heshima haikuwekwa ili kuficha ufa. Mdogo aletaye neno kwa adabu, akasema "nimekuletea uone mwenyewe," hakumvunjia mkubwa heshima. Amemwepusha na aibu ya kurudishiwa kofia na mteja mbele za watu.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Neno hilo kwa kawaida huambiwa watoto. Katika kazi ya mchoro mpya lawafaa mafundi vile vile, maana aliyetunga asipomwuliza mwanafunzi mahali alipokwama, hataujua mchoro wake mwenyewe. Na walisema pia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mchoro huzibwa kwa penseli ukiwa bado katika marikani. Ukifika katika bafta huzibwa kwa miezi, na ukifika kichwani mwa mteja hauzibiki tena.